Kwa Kijapani, Mimi Nani

Mjukuu wangu wa pekee amezaliwa Japani na kukulia huko, na alipokuwa na miaka minne Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja: Bibi. Alifundishwa na baba yake, mwanangu, ambaye alikwenda huko kusomea ufundi wa mitambo, akapata kazi, akaoa, akabaki. Kila Jumapili saa tatu asubuhi, ambayo kwao ni saa tisa alasiri, simu yangu iliita. Nilikuwa nawahi misa ya kwanza ili wakati huo unikute nyumbani, simu nimeshaiegemeza kwenye cherehani, kilemba kizuri kichwani, uso nimeupaka mafuta kama mtu anayesubiriwa harusini. Mtoto alisema "Bibi", halafu akamwaga Kijapani chake mpaka pumzi zikamwishia, na mimi nikabaki kutikisa kichwa na kucheka pale anapocheka yeye.

Mwanangu ndiye aliyekuwa mkalimani, na mkalimani gani. Mtoto ataongea wee, ataonyesha kwa mikono, ataruka, ataingia chini ya meza na kutokea upande wa pili, halafu baba yake ananiambia, "Anasema hajambo, mama." Mimi ni fundi nguo. Mtu akinipunja kitambaa najua hata kabla sijakipima. Nilijua napunjwa, na nilijua vilevile kwamba mwanangu hafanyi kwa ubaya, kachoka tu, maana Jumapili ndiyo siku yake ya kunyoosha miguu. Lakini mjukuu alikuwa anakua mbele ya macho yangu na mimi sijui hata anapenda kula nini. Nikaamua nijifunze Kijapani.

Watu walicheka, na wacha wacheke. Naishi Mabibo, Dar es Salaam, chumba kimoja na kibaraza ninachoshonea, kwenye nyumba ya wapangaji yenye ua wa pamoja. Mume wangu alishafariki, mtoto ni huyo mmoja. Chumba cha mwisho, karibu na bafu, anakaa mwanamume wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mjapani. Aliishi kule miaka mingi akifanya kazi kwenye yadi ya kukata magari chakavu, na sasa ana kibanda cha vipuri Vingunguti. Hakuwa na mke wala mtoto wa kuonekana, na jioni alikula chipsi kwenye mfuko wa plastiki, amesimama mlangoni. Nikamfuata. Tukakubaliana kwamba mimi nikipika nampakulia, na yeye ananifundisha.

Siku ya kwanza niliomba anifundishe kusema "mimi", maana niliona mtu hawezi kuingia kwenye lugha ya watu bila kujitaja.

"Mimi ipi?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania. Akaweka sahani chini, akanieleza kwamba kule mimi ziko nyingi, na mtu huchukua ile inayomfaa, kwa kuangalia yeye ni nani, anaongea na nani, na wanaheshimiana kiasi gani. Ipo watashi, akasema, hiyo ya benki na polisi, ya kusemea mbele ya mtu usiyemjua. Ipo boku, ya watoto wa kiume na wanaume wapole. Na ipo ore. Hiyo ndiyo ya watu, akasema, ya yadi, ya kugongana mabega na kunywa pamoja. Yeye miaka yake yote alikuwa ore, na alipolitamka alikaa vizuri kwenye kigoda na kifua kikamjaa.

Niliwaonea huruma Wajapani, kila wakitaka kufungua mdomo kwanza wajipime. Sisi mimi yetu ni moja. Anayoisema waziri kwenye redio ndiyo anayoisema mchukuzi wa Tandale akiwa na gunia la viazi mgongoni, isipokuwa huyu wa Tandale ataifupisha iwe mie ili awahi kulitua. Basi nikachagua ore, kama ninavyochagua kanga, kwa kuipenda tu. Mwalimu wangu hakuniambia kwamba ni ya wanaume. Nadhani hata haikumjia akilini. Kule alikoishi hakuwa na wanawake wa kupiga nao soga, zaidi ya muuza duka aliyemtajia bei. Wala mimi sikuuliza.

Nikajifunza kwa sikio. Nilishona huku narudia maneno kwa sauti, mguu kwenye pedeli, na wateja wakadhani nasali kwa lugha nisiyoieleza. Mvua, baridi, shule, wali, umekula nini, umelala vizuri. Mwalimu alinisifu kwamba nina ulimi mwepesi, jambo ambalo marehemu mume wangu alilisema kwa maana nyingine. Jumapili moja nikapiga moyo konde, nikamwambia mjukuu wangu kwa Kijapani kwamba ore nimekula samaki, yeye amekula nini? Akasogea karibu na simu mpaka nikawa naona matundu ya pua peke yake, kisha akasema wali na yai. Nililielewa jibu hilo mwenyewe, bila mtu kunipimia. Simu ilipokatika nililia, na sioni haya kusema.

Baada ya hapo nikaingiwa na kiherehere cha kuleta utani.

Kwetu kusini, na nadhani karibu nchi nzima, babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita wa kiume mume wangu. Babu yangu kule Newala alikuwa akininunia kabisa nikiwa mdogo, anasema mke gani huyu hajui kusonga ugali, na akinikuta natafuna muwa anauliza ni mwanamume gani kanipa. Nami nilimjibu kwamba nitamwacha nikaolewe na mwenye meno. Watu wazima wengine wote nyumbani niliwaogopa. Yeye sikumwogopa, na nadhani utani umewekwa kwa ajili hiyo, mtoto ajue kwamba yupo mkubwa mmoja anayeweza kumjibu atakavyo. Mjukuu wangu nisingeweza kumbeba mgongoni wala kumchomea mhogo. Lakini utani unapita kwenye simu. Nikamwomba mwalimu anipe "mume wangu". Akanipa ore no danna, hilo danna akilitoa kwa mke wa mwenye yadi, ambaye ndivyo alivyomtaja mumewe. Akanipa na "tunaoana lini".

Jumapili ilipofika mwanangu alikuwa jikoni kwao. Mkwe wangu alikuwa amekaa nyuma ya mtoto anakunja nguo, na mama yake mzazi, anayekaa ghorofa ya chini, alikuwa amepanda kunywa chai. Nikawasalimia wote kwa adabu. Halafu nikamgeukia mtoto, nikamwita mume wangu, nikamuuliza tunaoana lini. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye mto aliokalia. Akasema kesho. Nikamwambia kesho mbali, iwe leo, na awaambie hao wanawake wawili mke mkubwa ni mimi. Hayo ya mwisho niliyachanganya na Kiswahili kwa sababu maneno yaliniishia, lakini mtoto alicheka hivyo hivyo na kurudia danna, danna, huku akipiga makofi.

Mikono ya mkwe wangu ilisimama juu ya nguo. Mama yake aliweka kikombe chini polepole. Waliangaliana, kisha mkwe wangu akanitabasamia, na tabasamu lenyewe likakaa palepale bila kusogea hadi simu ilipokatika, mapema kuliko siku zote. Nikadhani bando limekwisha.

Kesho yake jioni mwanangu alinipigia peke yake. Mtoto alikuwa amefika shule ya watoto wadogo na kumtangazia mwalimu kwamba yeye ana mke Afrika, mke mwenyewe ni mzee, na kuanzia leo yeye ni ore. Mwalimu akamwita mkwe wangu kumuuliza kuna nini nyumbani.

"Mama, nani anakufundisha?" mwanangu akauliza.

Nikamtaja jirani. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliniambia naongea kama mwanamume wa gereji aliyeshiba bia, na kwamba mama mkwe wake hakulala vizuri. Nikamuuliza kwa nini hakuwaeleza kwamba ni utani. Akasema amewaeleza, wameelewa, ila hawajazoea. Nikaona ananificha kitu, au anamficha mtu, nikamwacha. Nilimuuliza tu, kama ore si yangu, basi mimi kwa Kijapani nijiite nani?

"Jiite Bibi," akasema. "Huku mkubwa akiongea na mtoto anajiita vile mtoto anavyomwita. Basi."

Nilijiona mjinga kidogo, kwa sababu hilo nalijua toka nazaliwa. Si ndivyo tunavyosema hata sisi: mletee bibi maji, bibi kachoka, bibi kakukumbuka. Nilikwenda kuazima mimi ya wakata magari, na mimi yangu nilikuwa nayo siku zote, na mtoto alikuwa ananiitia kila Jumapili. Nilimwambia mwalimu wangu na yeye akakubali, ingawa alikunja uso kidogo kuona ore yake imerudishwa.

Ukawa wakati mzuri. Bibi kala samaki. Bibi anashona gauni la rangi nyekundu. Bibi anakupenda. Mtoto alijibu kila kitu, na mimi nilielewa nusu, halafu zaidi ya nusu. Nilijua anapenda yai, hapendi karoti, anamwogopa mbwa wa jirani, ana rafiki anayemshinda kukimbia na jambo hilo linamkera. Mkwe wangu tangu siku ile alikaa karibu. Pembeni mwa picha niliona goti lake kila mara, na utani sikuutia tena. Iliniuma, nisiseme uongo. Lakini aliendelea kuniita okaasan, yaani mama, na kila tulipoagana aliinamisha kichwa mpaka nywele zikamfunika uso. Nikawa namwombea.

Halafu Jumapili moja simu haikuita. Nilipiga, haikupokelewa. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Mwanangu alikuja kupiga katikati ya wiki, nyuma yake kuna ukuta mtupu, hakuna picha, hakuna pazia, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wameachana. Yeye alikuwa amehamia mji mwingine wenye bandari, na mtoto amebaki na mama yake, ndivyo walivyopatana na ndivyo taratibu za kule zilivyo. Hakutaka kunieleza sababu, na mimi mama yake sikutaka kumchokonoa. Nilimuuliza kuhusu Jumapili yangu.

"Mama, hebu acha kwanza," akasema.

Kwanza hiyo ikala miaka miwili.

Nilikuwa mpweke. Sitaki kulizungusha. Mtu akikaa Mabibo na kusema ni mpweke anachekwa, kwa sababu huku huwezi hata kupiga chafya bila mtu wa chumba cha pili kukuombea afya. Wateja wanaingia na kutoka, kuna jumuiya, kuna akina mama wa vikoba, kuna anayeomba chumvi na anayerudisha sufuria. Lakini nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwambia bibi kala samaki, na sikuwa naye. Jumapili niliendelea kuwahi misa ya kwanza. Nilifika nyumbani, nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikaiangalia. Baadaye nikaacha kuiegemeza, nikawa naiweka mfukoni mwa gauni, ila kilemba sikukivua mpaka saa nne ipite.

Majirani waliuliza mjukuu hajambo? Nikajibu hajambo, anakua. Ningesema nini kingine? Na watoto wa mtaani kila wakipita kibarazani wananiamkia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, mikono kichwani, wengine wanarudi mara ya pili ili niwape vipande vya vitambaa. Naitikia marahaba kutwa nzima. Zamani salamu hizo zilinifurahisha. Miaka hiyo miwili kila mmoja aliyeniita bibi alinichoma kama sindano ya mkono inapoteleza, na nikawa mkali kwao bila sababu. Wakaanza kupitia upande wa pili wa barabara. Hapo nikawa mpweke zaidi.

Kijapani sikukiacha. Mwalimu wangu aliniuliza mara moja kwa nini najisumbua. Nikamwambia naogopa siku mtoto akinipigia anikute sina neno. Akamaliza wali wake. Halafu, bila mimi kumuuliza, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza.

"Kule hakuna mtu aliyeniitaga kaka, mama," alisema. "Wala mjomba, wala baba nani. Mie nilikuwa ore kwa watu wa yadi na watashi kwa polisi. Nikirudi chumbani, hakuna wa kumwambia mie ya aina yoyote. Siku nyingine nilikuwa nalala sijaongea."

Nilimwongezea wali na mchuzi. Kuanzia siku ile nilimwita mdogo wangu badala ya mwalimu, na yeye alinyoosha shati kidogo kila alipolisikia.

Mwanangu nilimsumbua. Sikumsumbua kwa kelele, yeye ni mtu wa aibu na kelele humfukuza. Kila alipopiga nilimwomba namba ya mama wa mtoto, kisha nikaendelea na habari nyingine kana kwamba sijaomba. Alisema hataki kuwaingilia. Alisema yeye mwenyewe humwona mtoto kwa nadra, na kila wanapoonana mtoto hurudi nyumbani akiwa amevurugika, kwa hiyo amepunguza. Alipolisema hilo sauti ilimkatika, na nikaelewa kwamba mtoto wangu naye yuko kwenye chumba chake hana wa kuongea naye. Baada ya siku kadhaa namba ikaingia kwenye simu yangu, bila neno lolote.

Nilipiga Jumapili, saa ileile ya zamani. Nilimwita mdogo wangu akae pembeni, maana sikujiamini. Mkwe wangu alipokea. Alikuwa amekata nywele, na uso ulikuwa umenenepa kidogo. Alishtuka, akainamisha kichwa, kisha akanitaja kwa jina langu, jina langu la ubatizo, akaliongezea ile san yao ya heshima.

Jina hilo silisikii. Mtaani mimi ni mama fulani, kwa jina la mwanangu. Kwa wateja ni mama fundi. Mtu wa mwisho kuniita kwa jina langu alikuwa mume wangu, akiwa amekasirika. Na huyu miaka yote aliniita mama. Mdogo wangu aliniangalia kama anataka kunifafanulia, nikamzuia kwa mkono, sikuhitaji ufafanuzi. Mkwe wangu alikuwa ameniheshimu sana, na alikuwa ameniondoa.

Akaongea polepole ili nielewe. Alisema mtoto alilia sana baba yake alipoondoka. Alikuwa akimwulizia baba, na Jumapili alikuwa akimwulizia Bibi, anakwenda kukaa mahali simu ilipokuwa ikiwekwa. Halafu akaacha kuuliza. Sasa ameanza darasa la kwanza, na nyumbani yupo mwanamume mwingine, mtu mwema, ambaye mtoto ameanza kumwita baba wiki chache tu zilizopita. Ndiyo kwanza anatulia. Alisema anajua mimi sina kosa. Kama nataka kuongea na mtoto naweza, hata leo, ila ananiomba nisiongee naye kama Bibi. Niongee kama mtu wa Tanzania anayefahamiana na mama yake. Mtoto akikua atamweleza yote mwenyewe. Aliomba radhi mara nyingi, kila sentensi aliifunga kwa kuomba radhi.

Niliyaelewa karibu yote, nikatamani nisingekuwa nimejifunza. Nilimgeukia mdogo wangu kumwuliza kama nimesikia vizuri.

"Umesikia vizuri, mama," akasema, akiangalia sakafu.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka kumwambia huyu binti kwamba walioachana ni wawili, na sijaona popote bibi akipewa talaka. Nilitaka kumwambia nina nywele za mtoto kwenye picha, zimekaa kama za baba yangu mzazi, na hakuna mtu mwema yeyote atakayezibadilisha. Kijapani cha kusema hayo sikuwa nacho. Mdogo wangu alikuwa nacho, kile cha yadi, na aliinua uso akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimwambie?"

Mkwe wangu alikuwa anasubiri. Kidole chake kilikuwa karibu na skrini, nilikiona kivuli chake kwenye kona ya picha. Nilijua nikitamka neno moja baya atainamisha kichwa kwa adabu, atabonyeza, na sitapata tena hata huyo mtoto wa kumwona kama mgeni.

"Mwambie nimekubali," nikasema. "Mwambie na asante."

Akamwambia. Mkwe wangu akafunika mdomo kwa kiganja, akainuka kwenda kumwita mtoto. Tulibaki tunaangalia kiti kitupu na kipande cha dirisha. Mdogo wangu aliniuliza, sasa nitajiita nani? Nikamwambia watashi. Akaitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, hapo ndiyo yenyewe. Kisha akainuka, akasema anatoka nje kidogo, na nikamsikia amesimama uani bila kwenda popote.

Mtoto akaja. Amerefuka, meno mawili ya mbele hana, nywele zimekatwa fupi. Alikaa wima kama wanavyofundishwa shule, akainamisha kichwa, akanitakia mchana mwema kwa maneno marefu ya watu wazima ambayo hakuwahi kuniambia. Yeye kwangu aliwahi kuwa matundu ya pua na makofi. Nikamjibu salamu. Nikasema watashi natoka Dar es Salaam, ni fundi nguo, nimefurahi kuonana naye. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama ya mtu anayefungua akaunti.

Aliniangalia kwa makini. Nilisubiri kitu kipite usoni pake, na yeye alikuwa anaangalia cherehani nyuma yangu. Akauliza ile mashine inafanyaje kazi. Nikainua simu nikamwonyesha mguu na pedeli na gurudumu, likazunguka, akasema lo. Akaniambia naongea Kijapani vizuri. Nikashukuru. Akaniuliza kama kuna simba, nikamwambia kuna kuku wa jirani na anauma, akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile. Neno Bibi lilikuwa limenijaa mdomoni. Nilimeza mate mara mbili tatu ili lishuke.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma, mkono mmoja kwenye bega la mtoto. Maswali yalikuwa yanamwishia mtoto, naona, akatafuta moja la adabu, lile ambalo mtoto aliyelelewa vizuri humwuliza mtu mzee asiyemfahamu.

"Una wajukuu?"

Mkono kwenye bega ukakaza.

"Ninaye mmoja," nikasema.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Sawa na mimi," akasema, na alisema boku, ile ya watoto wa kiume, kwa fahari ya mtu aliyepata mwenzake. "Anakaa hapo kwako?"

"Hapana. Anakaa mbali."

Akafikiri. Alikunja uso vile alivyokuwa akiukunja nikimtajia karoti.

"Mpigie simu," akasema.

Nikamwambia nimeshampigia.